Noti si Sauti

Mimi ni mmoja wa wanafunzi wa zamani wa shule hii. Niliondoka mwaka 1998, na tangu siku zile riziki yangu naipata kwa ufundi wa redio mjini Jinja. Katika likizo iliyopita kijana mmoja wa kidato cha tatu, asomaye katika madarasa yale yale niliyosoma mimi, alikuja karakanani kwangu kutengenezewa simu. Akanikuta nimekaa mbele ya kompyuta kuukuu na kisanduku cheusi, nanasa muziki wa mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 1988. Akatazama, akacheka kwa adabu, kisha akaniuliza: "Mzee, muziki huu si upo tayari kwenye intaneti? Na si ziko programu zinazoigiza kisanduku hicho? Mbona wajisumbua?"

Nilimjibu maneno machache tu, maana wateja walikuwa wakingoja. Lakini swali lake lilikuwa la haki, na swali la haki halifai kujibiwa kwa haraka. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Kwanza yatupasa kufahamu muziki wa michezo ile ulikuwa umehifadhiwa namna gani. Wengi hudhani kwamba ndani ya faili lake mna sauti, kama ilivyo katika santuri au tepu. Sivyo. Wazee wenzangu watakumbuka zile karatasi za solfa tulizogawiwa katika kwaya. Karatasi ile haiimbi. Yasema tu: sauti ya kwanza na ianze hapa, ya pili ingoje, hapa polepole, hapa kwa nguvu. Mpe mwalimu wa kwaya moja, waimbaji wake wataimba kwa namna yao; mpe mwalimu wa kwaya nyingine, nao wataimba kwa namna nyingine. Karatasi ni moja, lakini nyimbo zilizosikiwa ni mbili. Na waimbaji wa mwaka ule wakiisha kutawanyika, karatasi haiwezi kuwarudisha.

Basi MIDI ni karatasi ya namna hiyo, ila imeandikwa kwa ajili ya vyombo vya umeme. Yasema: piga noti ya 60, kwa nguvu kiasi hiki, katika njia ya kwanza, sasa iachie. Njia zake ni 16, na noti zake zahesabiwa tangu 0 hata 127. Maagizo hayo hupita katika waya kwa mwendo wa biti 31,250 kila sekunde. Ndani ya waya ule hamna sauti hata kidogo. Sauti hutengenezwa na chombo kilichoko mwisho wa waya. Ndiyo maana wimbo mzima uliweza kukaa katika kilobaiti chache tu. Sauti yenyewe, kwa kipimo cha CD, hutaka zaidi ya megabaiti 10 kwa kila dakika, hata disketi saba za megabaiti 1.44 zisingetosha kwa dakika moja.

Lugha hii ina historia njema, nayo yafaa wanafunzi waijue. Mwezi wa Januari mwaka 1983, katika maonyesho ya vyombo vya muziki huko California, kinanda kiitwacho Prophet-600 cha kampuni ya Marekani, Sequential Circuits, kiliungwa kwa waya na kinanda kiitwacho Jupiter-6 cha kampuni ya Japani, Roland. Makampuni hayo yalikuwa yakishindana sokoni, lakini siku ile vyombo vyao vilielewana. Walioisukuma sana kazi hiyo ni Dave Smith, Mmarekani, na Ikutaro Kakehashi, Mjapani aliyeanzisha Roland mwaka 1972. Huyu Bwana Kakehashi nampenda kwa sababu yangu mwenyewe: katika ujana wake alianza kwa kutengeneza saa na redio, kama mimi. Wakaiacha MIDI wazi, ili kila mtengenezaji aitumie bila kulipa ada. Mwaka 2013 wote wawili walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi. Kakehashi alifariki mwaka 2017, na Smith mwaka 2022. Waanzilishi wamekwisha ondoka, na vyombo vyao navyo vyaondoka kimoja kimoja.

Kisanduku alichokiona kijana yule huitwa Roland MT-32. Kilitoka mwaka 1987, na huko Marekani bei yake ilikuwa dola 695. Hakikutengenezwa kwa ajili ya michezo; kilikusudiwa wapiga muziki wa nyumbani. Lakini kampuni ya michezo iitwayo Sierra On-Line ilitambua uwezo wake. Kompyuta nyingi za siku zile zilikuwa na spika ndogo iliyoweza kutoa noti moja tu kwa wakati mmoja, nayo yalia kama kengele ya saa. Sierra ikamwita William Goldstein, mtunzi wa muziki wa filamu na televisheni, akatunga muziki wa King's Quest IV, uliotoka mwaka 1988. Mwaka uliofuata ukatoka Space Quest III, na muziki wake ulitungwa na Bob Siebenberg, mpiga ngoma wa bendi ya Supertramp. Watu hawa hawakuwa wakicheza. Walikuwa mafundi wa kazi yao.

Tena wasomaji wajue kwamba kisanduku hiki chaweza kufundishwa. Mchezo unapoanza, hukipelekea kwanza maelezo ya sauti mpya zilizobuniwa na mtunzi: kengele ya namna fulani, upepo wa namna fulani. Humo humo mtunzi hupanga hata kiasi cha mwangwi. Kisha ndipo muziki huanza. Kwa hiyo ukiyachukua maagizo yale yale ukayapeleka kwa chombo kingine, hakitafahamu. Mwaka 1991 watengenezaji walipatana juu ya orodha moja ya sauti 128, iitwayo General MIDI, lakini MT-32 ilikuwa imetangulia, na hesabu yake ni nyingine. Muziki wa MT-32 ukipigwa kwa chombo cha orodha ile bila kutafsiriwa, huweza kutoka filimbi palipotakiwa kinanda. Noti zote ni sahihi, na muziki wote umeharibika.

Sasa naja kwenye kosa langu mwenyewe, maana si vizuri kuwaonya wengine na kujificha.

Nilipokuwa mwanafunzi, mjomba wangu, ambaye naye alisoma shule hii kabla yangu, alikuwa na kompyuta ofisini mwake. Jumamosi alasiri aliniruhusu nicheze King's Quest IV. Mfalme Graham yu mahututi, na binti yake Rosella yaenda kumtafutia tunda litakalomponya. Muziki wake sisi tuliusikia kwa spika ile ndogo tu, noti moja moja. Hata hivyo mjomba aliupenda, akawa akiupiga mluzi njiani. Hatukujua kwamba tulikuwa tukisikia mifupa mitupu.

Mwaka 2014 nilipata MT-32 ya toleo la kwanza katika rundo la vyombo vikuukuu vilivyoletwa kutoka Japani. Nikakiunga na kompyuta kwa waya wa MIDI katika tundu la kijiti cha kuchezea. Siku ya kwanza kilikataa: kompyuta yangu ilipeleka maagizo upesi mno, kisanduku kikashindwa kuyameza, kikaandika kosa katika kidirisha chake. Toleo la kwanza lina udhaifu huo. Nikapunguza mwendo wa kompyuta, nikajaribu tena. Wasomaji, sijui niseme nini. Ule wimbo wa Jumamosi ukatoka na nyuzi zake, na vinubi, na tarumbeta. Niliketi mpaka ukaisha, na chai yangu ikapoa.

Nikaunasa. Laiti ningaliishia hapo! Lakini nilisikia vuma ndogo nyuma ya muziki, kwani chombo kile kina vuma yake, nikasema, "Hili ni doa, nitalifuta." Nikalifuta kwa programu, na pamoja na vuma nikafuta mlio mwembamba wa kengele. Nikaona muziki umekuwa mkavu, nikaongeza mwangwi, nikasahau kwamba mtunzi alikwisha weka wa kwake. Nikapandisha sauti hata ikapasuka kidogo penye tarumbeta. Mwisho, kwa kuwa diski ilikuwa imejaa, nikaitupa nakala ya kwanza, ile isiyoguswa. Nikampelekea mjomba kazi yangu kwa furaha.

Mjomba akaisikiliza yote, kisha akasema, "Ni vizuri, mpwa wangu. Lakini mbona wanapiga pangoni?"

Nilicheka, lakini moyoni nilijua amesema kweli. Nikakusudia kuinasa upya Jumapili. Ijumaa usiku mvua kubwa ilinyesha, umeme ukakatika, na uliporudi ulirudi kwa nguvu kuliko kawaida. Nilikuwa sikuchomoa waya. Adapta iliungua, na kisanduku nacho. Mimi ni fundi, nilijaribu miezi mitatu. Lakini chipu zilizokufa hazikuwa za kununuliwa dukani. Kilichobaki cha chombo kile duniani, kwa upande wangu, ni dakika chache za muziki nilizoziharibu kwa mkono wangu.

Mwaka 2019 nilipata kisanduku kingine, ndicho alichokiona kijana yule. Ni chema, lakini ni cha toleo la baadaye. Wale wajuao watakwambia kwamba michezo kadhaa ya kwanza ilitegemea hata makosa ya toleo la kwanza, na katika matoleo ya baadaye hailii sawasawa. Hali kadhalika, michezo iliyotungwa kwa kisanduku kilichofuata, CM-32L cha mwaka 1989, hutaka milio 33 ya ziada ambayo MT-32 haina kabisa. Kwa hiyo hata kusema "nimenasa kwa MT-32" hakutoshi. Kisanduku changu cha pili ni ndugu wa kile cha kwanza, siye yeye.

Sasa na tuyajibu maneno ya kijana.

Alisema muziki huu upo tayari kwenye intaneti. Ni kweli, na nawashukuru waliouweka. Lakini mara nyingi nimesikiliza nikajiuliza: umenaswa kwa chombo gani? Toleo gani? Je, ameongeza mwangwi? Hamna maelezo. Nakala yangu ya mwaka 2014 nayo ningaliiweka, mtu wa mbali angaliisikiliza akadhani kwamba ndivyo ulivyolia muziki wa Goldstein. Ningekuwa shahidi wa uongo, na sikukusudia uongo hata chembe. Ndiyo hatari yenyewe: si kwamba muziki utapotea, bali utabaki ulio kando ya kweli, na hapatakuwa na mtu wa kutofautisha.

Alisema pia kuna programu za kuigiza. Naam, zipo, na mojawapo, iitwayo Munt, ni kazi nzuri sana. Mimi huitumia kila wiki. Mtu asiye na kisanduku asione haya kuitumia. Lakini nauliza: mwigaji hupimwa kwa nini? Waliotengeneza programu ile walijuaje kwamba hapa wamepata na hapa wamekosa? Walilinganisha na chombo chenyewe. Siku vyombo vyote vitakapokuwa vimenyamaza, litakalobaki la kulinganisha ni sauti zilizonaswa vyombo vilipokuwa hai. Zikiwa zimepambwa, kipimo chenyewe kimepinda. Na fundi mwenye rula iliyopinda hatatengeneza meza iliyonyoka, hata awe hodari namna gani.

Wengine watasema, "Lakini ile vuma ni kasoro. Kwa nini kuhifadhi kasoro?" Neno hili lina uzito. Mimi sikatazi mtu kusafisha muziki kwa ajili ya masikio yake. Na asafishe, aongeze mwangwi, apike apendavyo, ila afanye hayo katika nakala ya pili. Ya kwanza aiache kama ilivyotoka. Apendaye mchuzi wa viungo vingi na aupike. Asimwage maji yote ya kisima kwa ajili ya chungu kimoja.

Na wapo watakaosema kwamba hii ni michezo ya watoto, kwa hiyo haistahili bidii. Kwao sina maneno mengi. Mtunzi aliketi usiku mbele ya kisanduku akachagua mlio huu, akaukataa ule. Aliposikia kazi yake imekamilika, alichosikia ni kisanduku hicho. Akijitaabisha mtu kwa uaminifu namna hiyo, si sisi wa kupima kama kazi yake ilikuwa kubwa au ndogo kabla hatujaisikia.

Kwa hiyo nawapa vijana wenye chama cha kompyuta, na wazee wenzangu wenye nafasi, shauri langu.

Kwanza, unaseni kutoka katika matundu ya sauti ya chombo chenyewe moja kwa moja hata kwenye kompyuta ya kunasia, bila kupitia kwa spika na maikrofoni, wala kifaa chochote cha kupamba. Pandisheni sauti kiasi, lakini acheni nafasi juu, maana muziki uliopasuka haushonwi.

Pili, hifadhini faili lisilobanwa. Yale mafaili madogo yapelekwayo kwa simu ni kwa kusikiliza tu.

Tatu, andikeni maelezo: jina la mchezo, mwaka, jina la chombo na toleo lake, siku ya kunasa, na kama mmegusa kitu chochote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Nne, wekeni nakala mahali pawili au patatu mbalimbali, nanyi mchomoe nyaya mvua inapotishia. Sihitaji kueleza sababu.

Tano, kumbukeni kwamba muziki huu una wenyewe. Kuunasa ili usipotee hakumpi mtu ruhusa ya kuuza.

Na kwenu wazee: huenda katika stoo zenu, au za makanisa na bendi mlizopigia, kuna visanduku vya namna hii vilivyofunikwa na vumbi. Tafadhali msivitupe, wala msivijaribu kwa adapta ya kwanza mtakayoiokota. MT-32 hutaka volti 9, na hasi yake iko katikati ya kichwa cha waya, kinyume cha adapta nyingi zilizomo majumbani mwetu. Someni kwanza, ndipo mchomeke. Nami nipo tayari kuvikagua bure kwa kila aliyesoma shule hii.

Kijana yule alirudi jioni kuchukua simu yake. Akaomba asikilize. Nikampa vifaa vya masikioni, akasikiliza kwanza nakala yangu ya pangoni, kisha ile mpya isiyoguswa, pamoja na vuma yake. Hakusema ni ipi aliyoipenda. Akaniuliza tu, "Mzee, hii ya pili umekwisha iandikia maelezo?" Nikamwambia bado, tena mwandiko wangu ni mbaya. Akavuta kiti, akachukua kalamu, akaandika kwa mwandiko safi tuliofundishwa sote hapa: jina, mwaka, chombo, toleo, siku. Mwisho akaongeza mstari mmoja ambao sikumtuma: "Haikuguswa."